Chokaa na Tumbawe: Habari za Bahari Ndogo ya Aston

Kijiji kinachohesabiwa kuwa mbali zaidi na bahari katika Uingereza nzima kinaitwa Coton in the Elms, nacho hakiko mbali sana na mji wa Birmingham. Kwa hiyo mtu wa pwani anayehamia Aston, kitongoji kilicho upande wa kaskazini wa mji huo, amehamia karibu na kitovu cha nchi kavu. Hapa hakuna kupwa wala kujaa, hakuna bamvua wala maji mafu. Mvua ipo ya kutosha, na mifereji ya kale iliyopitisha mashua za makaa ya mawe ipo pia, lakini maji yake ni baridi, yametulia, na hayana chumvi.

Katika mtaa mmoja wa nyumba za matofali mekundu, ambako siku za mechi kelele za uwanja wa Villa Park husikika mpaka jikoni, nilinunua bahari iliyokwisha kutumika. Jirani alikuwa anahama, naye hakuweza kulichukua tangi lake la kioo la lita 240, lililokaa miaka kadhaa katika chumba cha nyuma. Vioo vilikuwa vimefunikwa na mwani, pampu moja imekufa, chumvi imeganda kwenye kingo za kifuniko kama inavyoganda juu ya majabali wakati wa kaskazi. Ndani mlibaki samaki wawili wa anemoni, wadogo, wa rangi ya chungwa na mistari myeupe, konokono wachache, mawe yaliyojaa matundu, na tumbawe moja laini, la rangi ya kahawia, lenye matawi yanayopungapunga. Jirani alilionyesha kwa kidole akaniambia kwamba hilo ni la kwetu, kwani linaitwa “mti wa Kenya”.

Nilicheka, kisha nikalipa. Baadaye nilijifunza kwamba jina hilo ni la wafugaji na wauzaji tu. Hupewa matumbawe laini ya jenasi ya Capnella, ambayo makao yake yameenea katika Bahari ya Hindi na ya Pasifiki. Lile la jirani halikuwahi kuiona Kenya. Lilikatwa kutoka tangi jingine, na la tangi hilo lilikatwa kutoka jingine tena. Ni kama watoto wetu wengi wa hapa: jina la kule, kuzaliwa kwa hapa.

Insha hii inaeleza namna bahari ilivyoletwa Aston, si mara moja bali mara mbili, na namna mimi nilivyokaribia kuiua ile ya pili kwa kutoijua historia yake.

Mara ya kwanza bahari haikuja kwa siri katika chumba cha nyuma. Juu ya kilima cha Aston lipo jumba kubwa liitwalo Aston Hall, lililojengwa na Sir Thomas Holte kati ya mwaka 1618 na 1635. Malkia Victoria alikuja mwenyewe tarehe 15 Juni 1858 kulifungua kwa ajili ya watu wote, na mwaka 1864 serikali ya mji ikalinunua pamoja na bustani yake. Sehemu ya bondeni, iliyojulikana kama Aston Lower Grounds, iligeuzwa kuwa mahali pa starehe za kulipia. Palikuwa na maua, bwawa na viwanja vya michezo, na mwishoni mwa miaka ya 1870 pakafunguliwa ukumbi mkubwa pamoja na akwariamu. Watu wa mji ule, uliojulikana duniani kwa vifungo, kalamu za chuma na bunduki, wakawa wanaweza kutembea kutoka kazini wakatazame viumbe vya bahari nyuma ya kioo.

Bahari hiyo ya kwanza haikudumu. Starehe za bondeni zilififia, na tarehe 17 Aprili 1897 klabu ya Aston Villa ilicheza mechi yake ya kwanza katika uwanja mpya uliojengwa papo hapo, dhidi ya Blackburn Rovers. Jengo la akwariamu lilisalia likitumiwa na klabu kwa shughuli zake. Viumbe vilikuwa vimekwisha kuondoka. Maelfu wanaopita pale kila wiki wakiwa wamevaa skafu za rangi ya damu ya mzee na buluu hawapiti kwenye dalili yoyote ya bahari.

Aston haikuwa peke yake. Mtindo wa kufuga bahari ulizuka Uingereza katikati ya karne ya 19 na kwa sehemu kubwa ukazimika kabla ya karne hiyo kwisha. Ili kuelewa kwa nini, inafaa kutazama mambo mawili, sanduku na maji. Sanduku lilipatikana mapema. Kodi ya vioo ilifutwa mwaka 1845, bei ikashuka, na viwanda vikapanuka. Kiwanda cha Chance kilichokuwa Smethwick, mwendo mfupi magharibi ya Aston, ndicho kilichotoa vioo vya Crystal Palace, lile jumba la maonyesho la London la mwaka 1851. Nchi iliyoweza kujenga jumba zima la kioo haikushindwa kutengeneza kijisanduku cha kuwekea samaki. Maji ndiyo yaliyowashinda.

Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kuyaweka matumbawe hai mbali na pwani kwa muda mrefu alikuwa mwanamke, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster. Mwaka 1846 alikuwa Torquay, kusini mwa Uingereza, akavutiwa na matumbawe madogo ya maji baridi. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sifongo ili yasigongane njiani, akayatia katika mtungi, akasafiri nayo mpaka London. Kwanza aliagizia maji mapya ya bahari. Alipoona ni taabu, aliamua kuyatumia tena yale yale kwa kuyapa hewa: maji yalimiminwa kutoka chombo hiki kwenda kile mbele ya dirisha lililo wazi, muda mrefu, kila siku. Baadaye aliongeza mwani ili nao usaidie kuyaburudisha. Matumbawe yaliishi, yakazaa.

Katika maelezo yake, yaliyochapishwa mwaka 1859, Bibi Thynne anakiri kwamba kumimina kule kulikuwa kazi ya kuchosha. Lakini haikumchosha yeye, kwani alikuwa na mtumishi msichana aliyeifanya. Msichana huyo hana jina katika maelezo. Nimemfikiria mara nyingi. Vitabu vinapotaja waanzilishi wa akwariamu huhesabu mabwana na mabibi, lakini kilichoyafanya matumbawe yale yapumue ni mikono ya mtoto aliyesimama dirishani na mitungi miwili.

Baada yake wakaja wanasayansi. Mkemia Robert Warington alieleza mwaka 1850 jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kutegemeana ndani ya chombo kimoja. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na mwaka uliofuata Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kuhusu akwariamu, kikauzwa kwa wingi, na watu wa kila tabaka wakateremka pwani na ndoo na patasi. Mwanawe, Edmund Gosse, aliandika kwa uchungu katika kumbukumbu zake za mwaka 1907 kwamba vidimbwi vya majabalini alivyovijua utotoni vilikuwa vimekwisha kuporwa na wakusanyaji, yaani na wasomaji wa baba yake. Bahari ya mezani ililipiwa na bahari ya kweli, na wengi wa waliochukua hawakuweza kuyatunza waliyoyachukua. Viumbe vilikufa, maji yalinuka, na masanduku yakapandishwa darini.

Walichokikosa si bidii. Walikosa habari moja ambayo haikuwa imepatikana bado. Samaki hutoa amonia, na chakula kinachooza hutoa amonia, nayo ni sumu. Baharini hutoweka ndani ya maji mengi. Katika tangi haiondoki kwa mwani peke yake wala kwa hewa peke yake. Huondolewa hasa na bakteria wanaokaa juu ya mawe, mchanga na vioo, ambao huigeuza amonia kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyodhuru kwa haraka. Mwanasayansi wa Urusi, Sergei Winogradsky, alifaulu kuwatenga bakteria hawa na kueleza kazi yao mwaka 1890. Akwariamu ya Aston ilikuwa imefunguliwa zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo. Walioitunza walikuwa wanategemea jeshi wasilojua kuwa lipo.

Mimi sikuwa na udhuru huo. Miaka zaidi ya mia moja na thelathini imepita, na maarifa yapo katika kila kitabu cha ufugaji. Lakini nililipokea tangi la jirani kwa moyo wa mtu aliyelelewa kufagia ua kabla ya jua kuchomoza. Nililiona chafu, nikalisafisha. Nilitoa mawe yote nikayasugua chini ya bomba mpaka rangi ya zambarau iliyoyafunika ikabanduka. Niliosha sifongo za kichujio kwa maji ya moto. Niliuosha mchanga mpaka maji yakatoka meupe. Tangi lilipojazwa upya liling’aa kama dirisha la duka la vito, na nikawaita watu waje walione.

Siku ya tatu samaki mmoja alikuwa anahema juu juu ya maji. Siku ya nne nilimkuta amelala mchangani. Mti wa Kenya ulikuwa umenywea, umeinama kama mwavuli uliofungwa. Kwa maji baridi ya bomba na klorini yake nilikuwa nimewaua bakteria wote waliokuwa wakilinda mahali pale, kisha nikawarudisha samaki ndani na kuwalisha. Nilichokiita uchafu ndicho kilichokuwa tangi. Mengine yalikuwa kioo na maji tu.

Samaki wa pili aliokolewa kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kubadilisha maji kila siku. Ya pili ilikuwa kumwendea mfugaji mmoja mzee, mitaa michache kutoka kwangu, nikamwomba mawe mawili machafu. Alinitazama, akayatoa katika tangi lake bila kuyasuuza, akayafunga kwa gazeti lililoloweshwa maji ya chumvi, akanipa. Yalijaa utelezi, vijidudu na minyoo. Ndani ya wiki chache amonia ilishuka mpaka sifuri.

Mawe ya namna hiyo wafugaji huyaita mwamba hai, na historia yake ina jambo la kufurahisha. Kwa muda mrefu Wazungu walijaribu kulitibu tangi la bahari kwa usafi: vichujio vikubwa, dawa, mapambo ya viunzi vya matumbawe yaliyokufa na kupaushwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Lee Chin Eng wa Indonesia alieleza njia yake, iliyokuwa kinyume cha hayo. Alichukua mawe ya mwambani yakiwa na viumbe vyake vyote, akayatia pamoja na maji ya bahari katika tangi lenye mwanga wa jua, akapitisha mapovu machache ya hewa, akayaacha. Matumbawe yakaishi. Ilichukua miaka mingi kabla ya Ulaya kumfuata, na iliyomfuata iliongeza taa kali na chombo cha kuengua povu, kinachoyatoa mabaki ya chakula na kinyesi kabla hayajaoza. Maarifa ambayo hayakupatikana London wala Aston yalitoka kwa mtu aliyeishi karibu na mwamba wenyewe, akautazama unavyojitunza.

Tangi lilipotulia nilianza kazi ya kweli ya kulifufua, na hapo nikakutana na maji ya Birmingham. Mji huu hunywa maji ya milima ya Wales. Tangu mwaka 1904 yanateremka kutoka mabwawa ya Elan kupitia njia ya maji yenye urefu wa kilomita 118, kwa mteremko tu, bila pampu. Ni maji laini, yenye chokaa kidogo, matamu kwa chai. Hutiwa klorini ili yasituuguze, na katika Uingereza ni kawaida kuongezwa fosfeti ili risasi ya mabomba ya zamani isiyeyuke humo. Kwa mwanadamu huo ni ulinzi. Kwa tumbawe ni balaa, kwani klorini huua bakteria, nayo fosfeti hulisha mwani na kulidumaza tumbawe. Basi maji yaliyosafiri kutoka Wales hupitishwa kwanza katika chujio la utando, yakavuliwa kila kitu, kisha huvishwa bahari upya: gramu 35 za chumvi maalumu kwa kila lita, joto la nyuzi 25. Kila Jumamosi hutoa lita 24 za maji ya zamani na kutia 24 mpya. Ni ndoo mbili.

Miezi sita baadaye niliongeza vipande viwili vya tumbawe gumu, vilivyokatwa katika matangi ya wafugaji wengine, na ndipo nikajifunza jambo la tatu. Tumbawe gumu hujijengea nyumba ya mawe kwa kuchota kalisi na kaboneti kutoka majini. Bahari ina akiba kubwa. Katika lita 240 akiba hupungua siku hadi siku. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens alieneza Ulaya njia rahisi ya kuirudisha. Chokaa iliyozimwa, kiasi cha gramu moja na nusu kwa lita, hukorogwa katika maji safi, huachwa itulie, kisha maji yake ya juu hudondoshwa polepole tangini usiku, tone kwa tone, mahali pa yale yaliyokauka mchana. Hayamiminwi kwa pupa, kwa kuwa yana ukali wa kuunguza. Matumbawe huyatumia kujenga.

Nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye ujanani alikuwa fundi chokaa huko Lamu. Nilimwonyesha mtungi wangu kwenye skrini.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Nini hicho unachokoroga, uji?”

“Chokaa, mjomba. Ya kuwapa matumbawe.”

Alinyamaza kidogo, kisha akaniomba nieleze tena. Nilipokwisha kueleza alicheka mpaka akakohoa.

“Sisi tuliyachoma matumbawe tukapata chokaa,” alisema. “Wewe unayanywesha chokaa yapate kuwa matumbawe. Haya, lipa. Lakini lipa polepole, deni ni kubwa.”

Ni kubwa kweli. Ustaarabu wetu wa mijini umejengwa kwa tumbawe. Kuta za Kilwa, za Gede, za Mji Mkongwe wa Unguja na za Lamu ni mawe ya mwamba wa kale ulioachwa nchi kavu na bahari iliyorudi nyuma. Kwa kazi za nakshi, kama mihirabu na vizingiti vya milango, mafundi walikata tumbawe la Porites likiwa hai majini, kwa sababu likiwa bichi ni laini, huchongeka kwa urahisi, na likikauka huwa gumu. Chokaa ya kushikia mawe hayo, ya kupakia kuta na ya kutengenezea zidaka za Lamu, ilitokana na matumbawe pia. Mjomba alinikumbusha kazi ilivyokuwa. Magogo hupangwa duara, mawe hurundikwa juu, moto huwashwa, na rundo likishapoa huachwa linyeshewe na mvua ili lijizime. Kichomwacho hupoteza hewa yake ya ukaa, hubaki chokaa. Ikizimwa kwa maji, ikapakwa ukutani, huivuta hewa hiyo tena na kurudi kuwa jiwe. Ukuta wa Lamu ni mwamba uliobomolewa na kujengwa upya na watu.

Sisemi kwamba wazee wetu walikosa. Walitumia walichopewa na pwani yao, na kwa karne nyingi mwamba ulizalisha kuliko walivyochukua. Mizani ilikuja kuharibika baadaye, na kwa mikono mingi. Mwaka 1866 R. L. Playfair, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza Unguja, na Albert Günther wa makumbusho ya London walitoa kitabu juu ya samaki wa Zanzibar. Samaki wa miamba yetu walifika Uingereza kwanza wakiwa maiti ndani ya chupa. Karne iliyofuata walianza kusafiri wakiwa hai, katika mifuko ya plastiki, na pwani ya Kenya ikawa miongoni mwa wauzaji wanaojulikana wa samaki wa mapambo, hasa kangaja wa buluu hafifu anayependwa sana na wafugaji. Kisha mwaka 1998 maji ya magharibi ya Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kiasi. Matumbawe yaliutapika mwani mdogo unaoishi ndani yake na kuyalisha, yakapauka, na sehemu kubwa ya yale ya pwani ya Kenya ikafa.

Huko Kuruwitu, katika Kaunti ya Kilifi, wavuvi waliona bahari yao ikichakaa, kwa uvuvi uliokithiri, kwa joto, na kwa wakusanyaji wa samaki na matumbawe ya mapambo. Mwaka 2005 waliamua jambo ambalo si jepesi kwa mtu anayekula anachokivua: walifunga eneo la bahari la takriban hekta 30 wakaacha kuvua humo. Samaki walirudi. Nikilinganisha kazi yao na yangu naona haya. Wao walijinyima mlo. Mimi nakoroga chokaa katika chumba chenye joto, kwa umeme wa kulipia, kwa ajili ya vipande viwili vinavyoenea kiganjani. Tangi langu haliokoi mwamba wowote. Lililonifaa ni kwamba halikuchukua chochote kipya kutoka baharini, na kwamba linanilazimisha kujua, kila Jumamosi, gharama ya kitu ambacho bahari ilitufanyia bure.

Jambo la mwisho nililigundua magharibi ya hapa. Huko Dudley, kiasi cha kilomita kumi na tano kutoka Aston, kipo kilima kiitwacho Wren’s Nest. Nilikwenda siku ya mvua, nikainama kwenye kifusi cha mawe ya kijivu, nikaokota kipande chenye matundu madogo yaliyopangika kama sega la asali. Sikuhitaji mtu wa kunieleza. Kilima hicho kiliwekwa kwenye sakafu ya bahari zaidi ya miaka milioni 420 iliyopita, wakati ardhi hii ilipokuwa kusini mwa ikweta, chini ya maji ya joto, na matumbawe yalistawi hapa. Mwaka 1956 kilitangazwa hifadhi ya taifa kwa ajili ya mawe yake, ambayo hayaruhusiwi kuchongolewa. Nilikirudisha kipande nilipokitoa.

Lakini kabla ya kuhifadhiwa, kilima hicho kilichimbwa mpaka kikawa na mapango. Mawe yake yalitupwa katika tanuri za kuyeyushia chuma, na mengine yalichomwa kuwa chokaa ya mashamba na ya ujenzi. Watu wa hapa nao waliyachoma matumbawe yao, kama sisi. Viwanda vya Birmingham vilishibishwa na mwamba wa kale, na huenda hata udongo ulioshika matofali ya nyumba yangu una chembe zake. Nilikuwa nikidhani nimeleta bahari mahali isikopata kuwapo. Ilikuwapo, ikaondoka, ikarudishwa katika sanduku la kioo bondeni kwa Holte, ikaondoka tena.

Jumamosi iliyopita mti wa Kenya uliangusha tawi. Ndivyo unavyozaa: tawi hujikata lenyewe, huchukuliwa na maji, na likikutana na jiwe hushika. Mtoto wa jirani mpya, msichana wa miaka kumi na mbili ambaye huja kunisaidia kubeba ndoo, ana tangi dogo alilopewa na binamu yake, nalo limekaa muda mrefu bila kutunzwa. Nilimwekea tawi hilo katika kopo, pamoja na jiwe moja kutoka katikati ya tangi langu. Alilitazama lile jiwe lenye utelezi na minyoo, akakunja pua, akauliza kama aliweke kwanza chini ya bomba.

Nilimwambia asilisugue. Kisha nikamweleza kwa nini, kuanzia mwanzo.